Miguu Mia Tatu na Arobaini Chini ya Turubai

Oostdam, Michigan
6 Februari 1956

Kwa Shangazi Jantje,

Natumaini theluji ya Iowa imekuachia njia ya kufika posta, maana yetu imefika dirishani. Sote wazima. Mama anakohoa kidogo lakini hataki lisemwe.

Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia bila uso kuniwaka. Bwana Fairbanks, yule meneja aliyeletwa kutoka Chicago baada ya mzee Brandsma kufariki, ameanzisha shindano la insha kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha viti. Kichwa cha insha ni "Baba Yangu Kazini." Anasema mtu anayesifiwa nyumbani kwake hufanya kazi kwa moyo zaidi. Zawadi ni taipureta mpya ya kubebeka, ndani ya sanduku la kijani. Wameiweka kwenye dirisha la ofisi, nami hupita pale kila nikitoka shule ingawa si njia yangu.

Shangazi, nimeandika. Baba sikumwambia, kwa sababu unamjua: ukimsifu mbele ya watu huondoka chumbani. Nakunakilia aya ninayoipenda:

"Baba yangu hukereza miguu ya viti. Wengine hufanya kazi mpaka kengele ilie, lakini baba yangu ana kasi kiasi kwamba siku nyingi hufikisha miguu yake mia na ishirini saa nane mchana. Hapo hakai bure. Hukereza mingine akaiweka chini ya turubai nyuma ya mashine yake. Niliiona mwenyewe siku niliyompelekea chakula. Yeye na wenzake hupaita mahali hapo kelder, neno la Kiholanzi, kama kile chumba cha chini ya nyumba tunamoweka viazi na mitungi ya matunda. Jioni akisema, 'Leo nimeongeza kidogo kelder,' Mama hutabasamu. Najifunza kwake kwamba mwenye busara hali vyote alivyovuna siku ileile."

Sentensi ya mwisho niliiandika mara sita. Je, imezidi? Nimekwisha kuituma, kwa hiyo ukisema imezidi nitahuzunika tu.

Wako,
Tena


Kiwanda cha Viti cha Brandsma
Ofisi ya Meneja
20 Februari 1956

Binti Hoekzema,

Nina furaha kukuarifu kwamba insha yako imeshinda. Zilikuja insha arobaini na moja. Nyingi zilisema kwamba baba anafanya kazi kwa bidii na hurudi amechoka. Yako peke yake ndiyo iliyoniambia jambo nisilolijua kuhusu kiwanda hiki.

Nimeagiza ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, karibu na mashine ya kupigia kadi, ili kila anayeingia aisome. Taipureta utaikuta kwa karani wa mlangoni.

Habari ya kelder nimeirudia mara kadhaa. Nimemwomba Bwana Osgood, mkuu wetu wa vipimo, ashuke karakana ya kukereza akajionee. Kama mtu anaweza kumaliza kazi ya siku nzima saa nane mchana, basi huenda kazi hiyo hatujaipima sawasawa. Umetusaidia kuliko unavyojua.

Wendell R. Fairbanks
Meneja Mkuu


Middelbrook, Iowa
23 Februari 1956

Mwanangu Tena,

Barua yako imenisubiri kwa jirani wiki mbili, maana nilikuwa kwa binti yangu Dena nikimwuguza baada ya kujifungua. Nimeisoma nimesimama, koti bado mwilini. Kisha nikakaa.

Kama insha hiyo haijafika, iwahi. Kama imefika, nenda kaiombe.

Hukukosa kwa nia, basi usianze kulia kabla ya mwisho wa ukurasa. Nilishona vitambaa vya viti pale miaka kumi na tisa, kwa hiyo acha nikueleze kitu ambacho wanaume wale hawawaambii hata wake zao. Baba yako analipwa kwa mguu. Kila mguu senti kumi na mbili. Zamani zilikuwa kumi na tano. Mwaka arobaini na tisa mzee Brandsma aliwaambia, "Kerezeni zaidi, mpate zaidi." Wakakereza. Baba yako alifikisha mia na sitini kwa siku, na kiangazi kile akakununulia ile kamusi yako. Septemba akaja Osgood na saa yake mkononi, akasimama nyuma yao siku mbili, akasema, "Kumbe kazi yenyewe rahisi." Wakakatwa senti tatu. Tangu hapo ikabidi wakimbie zaidi ili wapate kilekile.

Ndipo walipokubaliana, bila kikao na bila karatasi: mia na ishirini kwa siku, mtu asizidishe. Anayezidisha anaficha kelder, atoe siku mbaya. Atakayeonyesha kwamba anaweza zaidi anawakatia wenzake wote mkate. Kule kwetu ushonaji alikuwepo mmoja, simtaji, aliyezidisha ili apigwe picha ya Mfanyakazi Bora. Picha alipata. Mtu wa kula naye mchana hakupata tena.

Wewe umeandika "busara." Osgood ataisoma kwa macho mengine.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Kwetu imekuwa kalamu. Niandikie upesi.

Shangazi Jantje


Oostdam, 27 Februari 1956

Bwana Fairbanks,

Naomba insha yangu iondolewe kwenye ubao. Habari ya kelder niliitunga. Mimi husoma hadithi nyingi, na walimu wangu wote watakuambia kwamba nina tabia ya kutia chumvi. Hakuna turubai lolote. Baba yangu hufanya kazi mpaka kengele ilie kama kila mtu.

Taipureta nimeirudisha kwa karani. Haijatumika, isipokuwa herufi T mara moja.

Tena Hoekzema


Kiwanda cha Viti cha Brandsma
Ofisi ya Meneja
29 Februari 1956

Binti Hoekzema,

Barua yako nimeipata. Bwana Osgood alishuka karakana ya kukereza siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na nne. Chini ya turubai la baba yako alikuta miguu mia tatu na arobaini. Nyuma ya mashine za wenzake kumi na mmoja alikuta mingine.

Sikuandikii kukulaumu. Wewe ni mkweli kwa asili, na uongo wako una makosa ya mtu asiye na mazoezi.

Kuanzia tarehe mosi Aprili kila mguu utalipwa senti tisa. Bei ilipangwa juu mno, nami nina wajibu kwa familia iliyonipa kazi hii. Halimhusu baba yako peke yake. Insha imeondolewa ubaoni kama ulivyoomba.

W. R. Fairbanks


Oostdam, 5 Machi 1956

Kwa Shangazi Jantje,

Barua yako ilifika siku chache baada ya insha kubandikwa. Karakana nzima ilikuwa imeisoma ikipiga kadi asubuhi. Baba aliisoma nyuma ya Bud Timmer wa mashine ya jirani, na Bud ndiye aliyesogea ili Baba aone vizuri.

Nikamwandikia Bwana Fairbanks kwamba niliitunga. Najua, Shangazi. Nilijua hata nilipokuwa nalamba bahasha. Hakusadiki, kwa sababu Osgood alikuwa amekwisha kuinua turubai. Sasa watakatwa senti tatu nyingine, wote kumi na wawili.

Jumamosi Mama alinituma kwa muuza mikate. Bud alikuwa kwenye foleni, na mzee Gerrit Slagh mbele yake. Bud akaniona.

"Ndiye huyu mwandishi wetu," akasema kwa sauti ya mhubiri kanisani. "Dada, hebu tuandikie na insha ya mke wangu. Mwambie bwana mkubwa ana mitungi mingapi ya kachumbari chini ya nyumba, Osgood aje aihesabu."

Watu wakacheka. Muuza mikate akauliza, "Atalipwa kwa mtungi au kwa siku?" wakacheka tena. Mzee Gerrit hakucheka wala hakunitazama, na ndilo lililoniuma. Miaka yote amekuwa akimpitia Baba asubuhi waende kazini pamoja. Sasa wiki nzima hajaja. Baba hutoka peke yake dakika tano mapema, ili isionekane kwamba anamsubiri.

Nyumbani Baba alisema siku ile ya kwanza tu. Tulikuwa tunakula supu ya njegere.

"Hiyo insha uliiandika lini?"

"Januari, Baba."

"Hukuniuliza."

"Nilitaka iwe jambo la kukushtukiza."

"Imekuwa," akasema. Kisha akaomba chumvi.

Tangu hapo hajaniambia neno, ila "nipishe" na "funga mlango." Leo ni siku ya kumi na mbili.

Kuna kitu sikielewi. Miguu mia tatu na arobaini ni kazi ya karibu siku tatu nzima. Wenzake walikutwa na thelathini, arobaini. Mtu mmoja ana siku mbaya ngapi hata aweke mingi hivyo?

Tena


Middelbrook, 9 Machi 1956

Mwanangu,

Umeuliza swali ambalo Fairbanks alipaswa kuliuliza kabla hajamtuma mtu na saa.

Ni mkono wake wa kulia. Tangu vuli ya mwaka juzi vidole vinakataa kufunga asubuhi za baridi. Aliniambia mimi kwa kuwa mama yetu naye alikuwa na ugonjwa huo, alitaka kujua unakwendaje. Nilimwambia unakwenda polepole na hauui. Mama yako anajua nusu. Siku vidole vikikataa hukereza hamsini, sabini. Iliyobaki huitoa kelder, kadi yake ya hesabu ikasoma mia na ishirini, na hakuna anayekuja kumwambia aache mashine akashike ufagio. Siku ambazo mkono ni mzima, anajaza.

Na si yeye peke yake anayekula humo. Gerrit ana miaka sitini na mitatu, amebakiza miwili apate pensheni. Miguu mingapi ya baba yako imepita kwenye kadi ya Gerrit, wanajua Mungu na Gerrit. Sasa unaelewa kwa nini mzee hawezi kukutazama. Hana hasira na wewe. Anaogopa.

Uliandika ukweli nusu, ukaona unachoma, ukajaribu kuuzima kwa uongo. Mwandikie yule bwana nusu ya pili. Lakini safari hii, mwanangu, uliza kwanza.

Shangazi


Oostdam, 14 Machi 1956

Bwana Fairbanks,

Barua hii imesomwa na baba yangu kabla sijaifunga. Mistari iliyofutwa kwa penseli ameifuta yeye.

Kwanza, nilikudanganya katika barua yangu ya tarehe 27. Insha ilikuwa kweli. Naomba radhi.

Pili, insha ilikuwa kweli lakini ilikuwa fupi mno. Sikujua kwa nini kelder ipo. Sasa najua sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwaka 1949 watu hawa waliambiwa wakereze zaidi ili wapate zaidi, walipokereza wakapunguziwa. Mimi hupata alama nzuri shuleni, Bwana Fairbanks. Kama mwalimu angenipa alama kwa kila ukurasa, halafu apunguze alama za darasa zima kila anaponiona nasoma haraka, ningejifunza kusoma polepole mbele yake, na kurasa nyingine ningezisoma chini ya dawati. Nadhani wanafunzi wenzangu wangenilazimisha, na wangekuwa na haki.

Sababu ya pili ni mkono wa baba yangu. Una siku ambazo vidole havifungi. Siku hizo kelder ndiyo inayokereza. Hajawahi kukuletea mguu mbovu wala ambao hakuukereza. Ameuleta siku nyingine tu.

[Hapa mistari mitatu imefutwa.]

Mistari hiyo ilimhusu mtu mwingine. Baba alisema, "Hiyo si yangu kutoa." Nilidhani angefuta na ile ya mkono wake. Aliishikilia penseli juu yake kwa muda, kisha akaniuliza, "'Havifungi' ni neno sahihi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi iache."

Sijui mambo ya mishahara. Ila naona kwamba umewalipa kwa mguu na wamejifunza kukuficha miguu. Ukiwalipa pungufu kwa mguu, watajifunza kuificha vizuri zaidi.

Tena Hoekzema


Kiwanda cha Viti cha Brandsma
29 Machi 1956

Binti Hoekzema,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilishuka karakana ya kukereza, nikakaa huko siku tatu. Nimekuwa meneja hapa miezi saba, na sikuwahi kushuka bila mtu mwenye saa pembeni yangu. Siku ya kwanza hakuna aliyenisemesha. Siku ya pili kijana Timmer aliniambia nimesimama kwenye njia ya takataka za mbao, nisogee. Siku ya tatu nilimwuliza baba yako mbele ya wenzake:

"Ukilipwa kwa siku badala ya kwa mguu, utafanya kazi?"

Hakusimamisha mashine. "Wewe unalipwa kwa nini?"

"Kwa mwezi."

"Na unafanya kazi?"

Walicheka wote. Ilinichukua muda, lakini nami nikacheka.

Punguzo la senti tatu nimelifuta. Badala yake nimewapa pendekezo la mwaka mmoja. Kila mkereza atalipwa kwa siku, kiasi alichokuwa akipata kwa wastani mwaka jana, awe amekereza hamsini au mia mbili. Karakana nzima ikitoa kazi nyingi kuliko mwaka jana, faida inayotokana na ongezeko hilo itagawanywa kila mwisho wa mwezi: robo tatu yao, robo ya kiwanda, na wao wote kumi na wawili wapate sawa. Hakuna atakayepunguziwa wala kufukuzwa kwa kuwa kazi imekwenda haraka. Bwana Osgood anasema hawatakereza hata mguu mmoja. Huenda yuko sahihi, na akiwa sahihi nitarudi Chicago.

Nilipomaliza kueleza, baba yako alisema maneno haya tu: "Iandike. Tia sahihi. Bandika palepale ulipobandika insha."

Nimebandika. Watapiga kura tarehe kumi na tatu.

Ulisema hujui mambo ya mishahara. Mimi nimeyasomea miaka minne.

Wendell Fairbanks


Middelbrook, 6 Aprili 1956

Harm,

Wewe ni mdogo wangu na nimekubadilisha nepi, kwa hiyo kaa chini usome.

Nasikia kuna kura. Pigeni mnavyotaka. Mimi nauliza habari ya mtoto. Zimepita siku arobaini na tatu, na umemwambia "nipishe" na "funga mlango." Amenihesabia. Na lile la penseli, nalo amenieleza kama vile ni Pasaka imekuja mapema. Mtoto anakula makombo ya maneno, Harm. Maneno nayo umeyaficha chini ya turubai?

Najua una sababu. Baba yetu naye alikuwa na sababu, tukamzika nayo.

Shule zikifungwa nitumie binti huyo. Nina madirisha kumi na sita ya kuosha na hakuna mtu wa kubishana naye kuhusu vitabu. Na akiwa huku itakubidi umwandikie, maana kwa barua huwezi kuomba chumvi.

Dada yako,
Jantje


Oostdam, 26 Juni 1956

Mwanangu Tena,

Sijaandika barua tangu nilipomposa mama yako, na ile alinisaidia kaka yake. Kwa hiyo samehe mwandiko. Mama yako hajambo, kikohozi kimekwisha. Njegere tumechuma.

Kura uliisikia kabla hujaondoka, saba kwa watano. Kitu ambacho hukusikia ni kwamba Gerrit alikuwa katika wale watano. Mimi pia nilikuwa karibu kuwa wa sita. Nilikaa na kile kikaratasi mpaka Bud akaniuliza kama naandika insha.

Basi Mei yote tulilipwa kwa siku. Unajua tulikereza miguu mingapi? Mia na ishirini. Kila mtu, kila siku. Saa nane mchana mmoja anafagia, mwingine anapaka mashine mafuta, mwingine anafagia palepale palipofagiliwa. Hatukukubaliana. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze, aone kama atakatwa. Mwisho wa mwezi Fairbanks alishuka akaandika matokeo ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Ongezeko: hakuna. Mgawo: sifuri. Osgood alikuwa nyuma yake, amepumzika usoni kama mtu aliyeshinda dau. Nikangoja Fairbanks aing'oe ile karatasi ya ahadi. Aliisoma tena yote, akabonyeza pini moja iliyolegea, akapanda ofisini kwake.

Nilikwenda nyumbani nikiiwaza hiyo pini.

Kuna kitu hujui, wala mama yako, wala Jantje anayejua kila kitu. Mwaka arobaini na tisa, walipotukata, nilinoa patasi ya peke yake, yenye pua mbili, inayochonga zile pete mbili za mguu kwa mkupuo mmoja badala ya miwili. Ndiyo iliyokuwa kasi yangu. Wewe ulidhani ni mimi, kumbe ni patasi. Nimekuwa nikiibeba ndani ya sanduku la chakula chini ya mkate, naitoa wakitazama pengine, naifuta, naifunga kwenye leso. Hata Gerrit sikumwonyesha. Nilimpa miguu, lakini patasi sikumpa.

Jumanne ya kwanza ya Juni niliiweka juu ya mashine, mahali pa wazi. Nikakereza. Bud ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja.

"Nini hiyo?"

"Patasi."

"Patasi naijua, mzee. Hii ina pua mbili kama nguruwe. Unayo tangu lini?"

"Tangu arobaini na tisa."

Akahesabu kwa vidole. "Miaka saba. Wewe umekaa na hii miaka saba, mimi mgongo unakatika hapo pembeni yako, na kila Jumapili unanipa peremende kanisani kama mtu mwema."

"Unaitaka au huitaki?"

"Naitaka. Na peremende usiache."

Mchana ule tulinoa nyingine tatu. Gerrit hakusogea. Jioni wengine walipokwisha kutoka alikuja akaishika, akaigeuza, akaipitisha kwenye ukucha wake. Akasema ukingo wa kushoto umelala kidogo, ndiyo maana mguu wangu huacha mstari pale chini. Miaka saba nimekuwa nikiusugua mstari ule kwa msasa. Akainoa yeye. Sasa hauachi mstari. Asubuhi iliyofuata alinipitia nyumbani, hakusema kwa nini, tukaenda.

Osgood alishuka wiki ile ile. Hakuwa na saa. Aliomba aone patasi, akauliza nani ameibuni. Watu wote wakainamia mashine zao, mazoea hayo. Nikasema mimi. Akaandika jina langu, akaniuliza linaandikwaje.

Juni haijaisha, na mgawo hatutaujua mpaka Jumamosi, kwa hiyo sitasema ni kiasi gani. Lakini tumeacha kufagia.

Sasa lile jingine. Sikukusemesha kwa sababu sikujua niseme nini. Hasira ilikwisha mwezi Machi. Iliyobaki ilikuwa aibu, na haikuwa juu yako. Ile insha niliisoma nyuma ya Bud. Binti yangu alikuwa ameniandika mtu mwenye busara, nami nilikuwa mtu mwenye woga aliyeficha miguu ya viti. Sikuweza kukaa mezani na watu hao wawili. Ulipaswa kuniuliza. Na mimi nilipaswa kuwa mtu anayeulizika. Sijui kuliandika vizuri zaidi ya hapo.

Jana Jumatatu mvua ilileta baridi na mkono ukakataa. Nilikereza sabini na mmoja. Chini ya turubai hamna kitu, turubai lenyewe nimelileta nyumbani kufunikia kuni. Nilichukua kadi nikaandika sabini na mmoja. Wino ulikauka nikiutazama. Kisha nikakaa kwenye kiti, nikangoja mtu aje kunipa ufagio.

Hakuja mtu. Kengele ililia, nikavaa kofia, nikarudi nyumbani na wenzangu.

Baba yako,
Harm Hoekzema